Maziwa ya Mama Zuena

Ijumaa ile, baada ya sala, Mama Zuena alikuwa uani kwetu Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, akichagua maharage kwenye ungo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa ameshatupatia pasipoti za Oman, na mama na wadogo zangu walikuwa wametangulia huko, mjini Ibra.

"Huko kwenu mtakula tende mpaka tumbo liwaume," aliniambia kwa Kirundi, akicheka. "Utayalilia maharage yangu, Mwarabu wee."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipozaliwa mama aliugua, na Mama Zuena, jirani yetu Mrundi, akaninyonyesha pamoja na binti yake. Kwa hiyo Zuena ni dada yangu wa kunyonya, na Kirundi ndiyo lugha niliyoanza kuisema. Kiswahili nilikipata baadaye, barazani kwa baba.

Siku nne baadaye mauaji ya kikabila yalizuka, na moshi ukaonekana upande wa vilima. Mwoka mikate hakufungua duka, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Baba akaamua tuondoke kwa gari mpaka mpakani, pamoja na Mama Zuena, ambaye watu wa kabila lake walikuwa wakisakwa. Zuena mwenyewe alikuwa Kigoma kwa shangazi yake.

Mama Zuena alivaa buibui la mama. Baba alitupa agizo moja.

"Kirundi tunakiacha hapa uani. Mkiulizwa, jibuni Kiswahili. Sisi Waarabu wa Buyenzi, basi."

Kizuizi cha kwanza tulipita. Kwenye cha pili vijana waliokilinda walimshusha baba, wakaenda naye pembeni kukagua pasipoti.

Kijana mwenye panga aliinama dirishani.

"Huyu mama ni wenu?" aliniuliza kwa Kiswahili.

Kabla sijajibu, Mama Zuena alinigeukia. Nadhani hofu ilimsahaulisha agizo. Maisha yangu yote hakuwahi kusema nami kwa lugha nyingine.

"Mwambie nilikunyonyesha," alisema kwa Kirundi.

Kijana hakumtazama tena yeye. Alinitazama mimi, aone kama nimeelewa.

"Sielewi anachosema," nilijibu kwa Kiswahili.

Mlango ukafunguliwa.

Wakamshusha Mama Zuena, wakaenda naye.

Baba aliporudi aliukuta mlango wazi. Alinitazama, akaufunga, akaendesha. Hatukulizungumza jambo hilo mpaka alipokufa.

Ibra nilijifunza Kiarabu kwa utaratibu: maneno kumi kila siku katika daftari, kutoka kwenye magazeti, maelezo ya pampu za maji na fomu za serikali. Wenzangu kazini waliniita Mzinjibari, yaani Mzanzibari, ingawa Zanzibar sijapata kuiona. Baada ya miaka sita nilikuwa nikiwaandikia barua zao. Kirundi sikukitamka tena, hata nikiwa peke yangu. Watu walidhani nimekisahau, nami sikuwasahihisha.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baba na mama wameshazikwa, simu ililia.

"Kaka, mimi Zuena. Bado unanijua?"

Alikuwa amepata kazi ya kushona nguo mjini Sur, huku huku Oman, na angefikia kwangu kwanza.

"Nataka unieleze habari za mama," alisema. "Baba yako aliniambia tu kwamba alichukuliwa njiani."

Kwa wiki mbili kila gari lililosimama nje lilinishtua.

Alifika Alhamisi adhuhuri. Sebuleni alivua buibui na mtandio, kama anavyofanya dada kwa kaka yake. Mama mkwe wangu, aliyeishi nami na mke wangu, mzaliwa wa Ibra asiyejua Kiswahili, aliniuliza kwa Kiarabu:

"Anakaa kichwa wazi mbele yako. Ni nani wako?"

"Dada yangu wa kunyonya. Mama yake alininyonyesha."

"Nani shahidi?"

"Mimi."

Nilisema vizuri, bila kosa. Haikunichukua hata nusu dakika. Mama mkwe akaridhika, akaenda kuleta kahawa.

"Umemwambia nini?" Zuena alicheka. "Mbona bibi amelainika hivyo?"

Nikamtafsiria.

"Lo! Mama angesikia!"

Hapo nilijua siwezi kungoja zaidi. Nikamweleza yote. Nilimwambia pia kwamba kama ningekubali, huenda wangetuua sote, na huenda wangetuachia. Nimelipima hilo kwa miaka na sijapata jibu.

"Alitaka useme hayo hayo uliyomwambia bibi?"

"Hayo hayo."

"Ukaelewa?"

"Nilielewa."

Aliuchukua mtandio wake kitini, akajifunika kichwa, akaupitisha usoni mpaka yakabaki macho, kama mwanamke mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, asiye ndugu.

Mama mkwe alirudi na kahawa, akamwona. Akaniuliza kwa Kiarabu kama nina hakika huyu ni dada yangu.

Nilimjibu kwamba mama yake alikuwa mama yangu. Kuhusu yeye mwenyewe, sikuwa na haki ya kumjibia.