Mbili, Alisema Winfrida

Mimi nikijichoma na sindano ya cherehani, soko zima la Tukuyu linajua. Winfrida si hivyo. Miaka kumi na tisa tumekaa jirani sokoni, mimi na cherehani yangu, yeye na mikungu yake ya ndizi kutoka kijijini kwake Masoko, na sikuwahi kumsikia akisema "naumwa". Mwaka aliovunjika mkono kwa kuteleza kwenye tope, aliuza kwanza ndizi zote kwa mkono mmoja, ndipo akaniomba nimfungie kitenge shingoni aende hospitali. Ukimuuliza habari, ni nzuri. Ndivyo alivyolelewa: mwanamke anayelalamika anawaaibisha waliomlea.

Basi alipoota uvimbe kwenye titi, sisi tulikuja kujua akiwa ameshapimwa na majibu ameshapewa. Ni saratani, haijaenda mbali, ikatwe. Na hapa lazima niseme kosa langu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama Lugano, kitu hicho hakiguswi na chuma. Kikiguswa kinakasirika, kinatapakaa mwili mzima." Nilisema kwa uhakika kama niliyesomea. Akanisikiliza miezi miwili. Nikiikumbuka miezi hiyo najiona mjinga, na bado inanitia hofu.

Aliyenitoa ujinga ni nesi Prosper, kijana wa Mpuguso, siku Winfrida alipokubali kulazwa nami nikaenda kumuuguza. Nilimtupia hoja yangu ya chuma nikijua atacheka. Hakucheka.

"Hujakosea yote, mama," alisema. "Mwili haujui kama kisu ni cha daktari au cha mwizi. Ukikatwa, unapiga yowe. Homoni za hofu zinapanda, moyo unakimbia, na wale askari wa mwili wanaosaka seli mbaya wanalegea kwa siku kadhaa. Kama kuna mbegu ya saratani iliyobaki, inaweza kutumia nafasi hiyo."

"Si ndiyo niliyosema?"

"Wewe ulisema asikatwe. Uvimbe ukiachwa, utamuua. Sisi tunaukata, halafu tunautuliza mwili: apate joto, alale, asiogope, maumivu yasimzidi. Hayo yanazuia saratani kiasi gani, wataalamu bado wanachunguza. Lakini mwenye maumivu hapumui vizuri, halali, hatembei, na lile yowe la mwili haliishi. Sasa wewe kazi yako ni moja tu. Akiumwa, aseme."

Kazi moja tu, na ndiyo iliyonishinda.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake asubuhi, mvua ikipiga mabati utadhani inadai kitu, Prosper akaja na karatasi yake. Akamwambia Winfrida ataje namba: sifuri ni hakuna maumivu kabisa, kumi ni yale yasiyovumilika.

"Mbili," alisema Winfrida, kisha akamuuliza habari za wazazi wake.

Mbili ya wapi. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile ya Tukuyu, na mkono wake ulikuwa umeikamata shuka kana kwamba kitanda kinataka kumtupa. Presha ilikuwa juu. Prosper alimuuliza tena, taratibu. "Mbili, mwanangu. Ndaga," akamjibu, akimshukuru kwa Kinyakyusa. Tulipobaki wawili nikamwambia anamdanganya mtu anayetaka apone. Akasema kuna wagonjwa wenye hali mbaya kuliko yeye, dawa wapewe wao. Nikatoka nje nisije nikampiga mgonjwa.

Huko nje, chini ya dirisha la wodi, nilimkuta Mzee Jairo, baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wengi wameilegeza mila hiyo, hawa wawili hawajailegeza. Miaka thelathini na moja wameishi uwanja mmoja, mzee akikohoa kabla ya kutokea, Winfrida akipita nyuma ya migomba. Sasa mzee alikuwa amekuja na bodaboda kutoka Masoko, koti limelowa, ameupa ukuta mgongo, anamlaumu dereva kwa mvua.

"Mtoto anaendeleaje?" aliniuliza.

"Anasema mbili, baba." Nikamweleza habari za namba, na yowe la mwili, na kwamba akificha anajiumiza mwenyewe.

Mzee akapaza sauti, uso bado ameuelekeza mlimani, kama anayezungumza na mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Mama Lugano. Ni mimi."

Kitanda kikalia. Nilichungulia dirishani, nikamwona Winfrida anahangaika kujifunika kanga kichwani.

"Usiamke. Sijaja kukuona," mzee aliendelea. "Uso wako siujui, lakini miguu yako naijua. Nakusikia kila siku ukipita nyuma ya nyumba. Ulipozika yule mtoto wako wa pili, zilikuwa hatua za mtu anayeumia. Mwaka huu zikawa hivyo tena, kabla hujamwambia mtu yeyote. Nilisikia, nikanyamaza, nikisema mila hainiruhusu. Nilikosa. Mwambie kijana namba ya kweli. Nataka nikusikie ukipita tena."

Niliingia wodini mbio. Winfrida alikuwa analia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote, kanga imemwanguka, wala hakuiokota. Prosper alikuwa ameshafika kitandani, ameinama.

"Tisa," Winfrida alimwambia. "Tangu jana ni tisa."