Maji ya yule askari

Mimi nilisoma darasa ya pili tu, mais kwa kanisa yetu ya Kimemi ni mimi nilionyesha bamama namna ya kubatiza mutoto anayekufa kama padri iko mbali. Wakati wa vita, askari moja alianguka kwa mulango yangu, risasi kwa tumbo. Benzake ndio baliua bwana yangu.

“Mama, unibatize,” akaniambia.

“Ngoja padri.”

“Padri hatanikuta muzima.”

Nikaenda kuchota maji, mais nilitembea polepole, kwa kusudi. Kurudi, nilimukuta amekufa, macho ingali inaangalia njia ya kisima. Mungu alikuwa amemukubali. Ni mimi nilimukatalia. Nilimumwangia ile maji hata hivyo, nikasema maneno yote. Leo niko na bajukuu, na mutu akiniomba maji, ninakimbia.