Majina Kumi na Moja ya Njiapanda

Basi la saa mbili asubuhi linatokea upande wa Dodoma, na Anastazia Ntandu ameshasimama kabla halijaonekana. Anafunua sufuria la viazi vitamu, mvuke unapanda. Basi linapita bila kupunguza mwendo. Linapiga honi moja fupi, na vumbi linatua juu ya viazi.

Anafunika sufuria taratibu.

"Dereva yule ananifahamu," anasema. "Zamani alikuwa anashuka hapa, anakunywa vikombe viwili vya chai. Honi ndiyo salamu yake iliyobaki."

Anastazia, mwenye miaka 46, anauza chai na viazi Njiapanda ya Mkuyuni, mbele kidogo ya Ikungi. Miaka miwili iliyopita hapa palikuwa na vibanda kumi na viwili, na siku njema ilimpa hata shilingi elfu ishirini na tano. Leo kimebaki kibanda chake peke yake, na elfu nne akiipata anashukuru. Vibanda vingine vimebaki miti mitupu. Mabati yamekwenda na wenyewe.

Kilichotokea ni kwamba kituo kilihamishwa. Mabasi yalikatazwa kusimama njiapanda, yakatakiwa kuingia stendi mpya ya halmashauri iliyojengwa Kilimani, kilomita mbili mbele. Stendi ina geti, ina taa kumi na mbili. Ila madereva wanakwepa ushuru wa getini, wanapitiliza. Basi halisimami huku, halisimami kule.

"Zile taa zinamulika mbuzi," Anastazia anasema. "Na daraja la kwenda zahanati mvua imelibeba, mama mjamzito anavushwa mgongoni. Mji ukue, sikatai. Ila ukue na sisi ndani, usitutupe pembeni kama maganda ya alizeti."

Linalomkosesha usingizi zaidi ni bintiye, Pendo, wa kidato cha pili, anayesoma Singida mjini. Kila mwisho wa mwezi Pendo anarudi nyumbani. Zamani alishukia miguuni pa mama yake. Siku hizi kondakta humshusha popote gari litakapopunguza mwendo, na safari moja alishushwa porini jua linazama, akatembea peke yake saa nzima. Alipofika alisema shikamoo mama, akakaa chini, akalala na sare yake mpaka asubuhi.

Lakini ukimuuliza nani alihamisha kituo, Anastazia hanyooshei kidole halmashauri kwanza. Anatazama mikono yake.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, uliitishwa mkutano wa kijiji. Ulikuwa wakati wa palizi na magugu yalikuwa yamefika magotini. Desturi ya pale ni kwamba daftari la mahudhurio linazungushwa mapema ili mwenye shamba asaini akaendelee na jembe lake. Na mwenzako akiwa shambani, unamwandikia. Ni wema tu, kama kumwanulia nguo mvua ikija.

Wenzake kumi na mmoja wa vibandani walikuwa shambani. Anastazia, aliyemaliza darasa la saba na mwandiko wake ukisifiwa, aliwaandika wote. Akajiandika na yeye, akaondoka kuwahi palizi kabla ajenda haijasomwa.

Miezi minane baadaye kituo kilipofungwa, wanawake wote kumi na wawili walikwenda ofisi ya kijiji kulalamika. Mtendaji hakubishana nao. Alifungua muhtasari uliosema wananchi wameridhia, kisha akageuza karatasi ya lile daftari la mahudhurio, iliyobanwa nyuma yake kama majina ya walioridhia. Walikuwemo wote, mstari chini ya mstari, kwa mwandiko mmoja mzuri.

"Hakuna aliyenitukana," Anastazia anasema. "Wangenitukana ningepumua. Walitoka mmoja mmoja."

Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Jirani yake wa kibanda alikuwa Johari, mama Mrisho, muuza mayai. Kwa miaka tisa walipeana makaa ya moto kila asubuhi. Aliyewahi kuwasha alimgawia mwenzake. Siku hizi Anastazia anawasha kwa kiberiti.

Sasa mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano mwingine Jumamosi hii. Halmashauri imekubali kufikiria kituo kidogo pale njiapanda, basi lisimame dakika tano, ila inataka watu mia moja wahudhurie wenyewe. Na palizi imerudi tena. Mtaani kuna utani unaomchoma kuliko tusi.

"Mie naenda shamba," watu wanaambizana. "Anastazia atatusainia."

Kwa hiyo wiki hii, chai ikishapoa, amekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Kumi zilimpokea kwa maji ya kunywa na jibu la "tutaona". Kila mahali amesema maneno yaleyale: nilikosea, msiniachie kalamu, njooni wenyewe, na daftari lisishikwe kabla muhtasari haujasomwa kwa sauti.

"Nyie wa vijiji vingine mnisikie," anasema. "Jina la mtu si nguo ya kuanuliwa. Nililiona jambo dogo, na mwanangu akatembea porini."

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya mama Mrisho. Alimkuta anachambua uwele uani, na hakukaribishwa kigoda. Alisema yake akiwa amesimama. Johari aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki safi.

"Umemaliza, mama Pendo?"

"Nimemaliza."

"Jumamosi nakuja. Na kalamu nakuja nayo mwenyewe."

Anastazia hakuthubutu kuuliza kama amesamehewa. Alirudi njiapanda, akakaa kwenye kibanda chake kati ya miti mitupu.

Anaomba Jumamosi mvua isinyeshe. Amepanga kukaa mstari wa mbele, asikilize muhtasari mpaka neno la mwisho, na daftari likimfikia aandike jina moja tu. Kisha Jumatatu, kama wale watu mia watakuwa wametimia, atawahi kuamka awashe moto mkubwa kuliko wa chai yake, makaa ya kugawia yabaki, asije mtu akayakosa.