Tela Langu la Kulala Limegeuzwa Nyumba ya Kaka

Admin, jina langu lifiche, ingawa sijui kama itasaidia, maana mkoa mzima wa Mara sijasikia mtu mwingine mwenye tela la kulala. Ukoo wangu wakisoma watajua ni mimi. Wasome tu. Nimechoka kunyamaza.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, naishi Buhare hapa Musoma, nina mke na mtoto mchanga. Tunauza viatu vya mtumba minadani, leo Bunda, kesho Butiama, siku nyingine tunafika hadi Kisorya. Wenye kazi hii mnajua shida ya kulala. Gesti za kule zina kunguni, na ukiacha mzigo kwenye gari unaamka huna mzigo. Mwaka jana mke wangu akiwa mjamzito alilala kwenye siti ya mbele kule Kisorya, akaamka miguu imevimba, hakuna kiatu kinachoingia, na sisi ndio wauza viatu. Niliona aibu kama mwanaume. Nikaapa hatalala hivyo tena.

Nikanunua tela dogo lililokuwa linabeba mchanga. Kwenye simu nilikuwa nimeona watu wa nje wanajenga chumba cha kulala juu ya tela, mbele kimeinuka kama mgongo wa kobe, nyuma kimeteremka, na huko nyuma ukifunua mfuniko unakuta jiko. Useremala naujua, nikaanza. Plaiwudi ya kwanza ilipasuka nilipoikunja. Ya pili nikaifunika magunia yaliyolowa maji ya moto, nikaikandamiza na mawe kidogo kidogo mpaka ikakubali. Juu nikavisha bati laini. Siku ya kujaribu, mke wangu alijifungia ndani na mtoto, mimi namwaga maji juu, yeye anapiga kelele, "Hapa panavuja! Na hapa tena!" Tulicheka sana siku ile. Majirani waliliita jeneza la tajiri, nikawaacha na midomo yao.

Hapo ndipo nikafanya ujinga wa kumheshimu baba. Kwetu kitu kipya cha safari hakiingii njiani mzee hajakibariki, na ni lazima kwanza kilale nyumbani kwake. Nikalivuta mpaka kwa baba, vijijini Butiama, godoro likiwa bado na nailoni yake. Wazee wa ukoo wakaja, wakalizunguka, wakabonyeza godoro.

Baba akauliza, "Hii kitu ina mlango?"

Nikasema ndiyo.

"Kitanda?"

Ndiyo.

"Na jiko?"

Nikamfunulia nyuma aone, kwa majivuno kabisa. Akawageukia wenzake, akasema, "Basi hii ni nyumba. Wewe mtoto, unajengaje nyumba na kaka yako hajajenga?"

Nilidhani ananitania. Mnaotoka kwetu mnajua, mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mila hiyo nimeiheshimu miaka yote, ndiyo maana mpaka leo nimepanga, na kiwanja changu nalima mchicha. Namsubiri kaka. Ana miaka arobaini, afya tele, ila hata banda la kuku hajawahi kulisimamisha. Nikamwambia mzee, "Baba, hili ni tela, lina matairi." Akanijibu, "Matairi yanatokaga."

Sikuelewa. Nikafunga jiko kwa ufunguo, nikaliacha lilale kama mila inavyotaka. Niliporudi kulichukua baada ya wiki mbili nikalikuta limekaa juu ya mawe. Ekseli na matairi vimefungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kaka anatoka kwenye mlango wangu na mswaki mdomoni, ananiambia, "Karibu nyumbani, mdogo wangu." Karibu! Mikono yangu imejaa makovu ya msumeno, halafu yeye ananikaribisha!

Nyuma yake akachungulia binti, nikaambiwa nimsalimie shemeji. Kumbe kaka alikwenda Bugwema akamwambia huyo binti kwamba ana nyumba ya kisasa. Mama analia kwa furaha. "Mwanangu, tulikuwaga tunaogopa atazeeka bila mke. Wewe utatengeneza ingine, si una mikono?" Kwa hiyo mwenye mikono ndiye wa kuporwa? Nikaondoka bila kuaga.

Baba amesema nikiligusa atanilaani, maana nitakuwa nimebomoa nyumba ya mkubwa wangu. Ndugu nao wananiimbia kwamba mkubwa hakosei. Huyu wa kwetu amekosea, tena anakosea huku amelala kwenye godoro langu! Mke wangu hasemi mengi. Juzi tulikuwa tunajiandaa kwenda mnadani, akawa anatandika khanga kwenye siti ya gari ili mtoto apate pa kulala. Akaniuliza, "Hivi hiyo laana ya baba yako huwa inampata nani, aliyejenga au aliyeiba?"

Leo asubuhi baba amenipigia. Nikajua wazee wamekaa wakaona haya. Akaniambia, "Shemeji yako ameshindwa kufungua lile jiko. Leta ufunguo Jumapili, wakwe wanakuja kuona nyumba, atapikia wapi?"

Hata samahani hakuna. Nimeazima ekseli na matairi kwa rafiki, yako kwenye gari pamoja na jeki. Ufunguo uko mfukoni. Kwenda nitakwenda. Nikilivuta, yule binti atarudi kwao mbele ya wazazi wake na mimi nitabaki na laana ya baba. Nikiliacha, mke wangu na mtoto wataendelea kulala kwenye siti, na kila anayenizidi umri atajua nyumba yangu inachukulika. Msimtukane mzee wangu, matusi nimeshayamaliza mwenyewe nikiwa peke yangu bafuni. Nishaurini tu, ndugu zangu: Jumapili nikishuka kwenye gari, mkononi niwe na ufunguo au jeki?