Mgahawa Uliobaki Kwenye Ramani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye steshenari moja ya Ikungi, nikisubiri kutolewa kopi. Kando yangu dada mmoja alikuwa amefungua ramani ya mtandaoni kwenye kompyuta. Kazi yake ni kuorodhesha migahawa ya mkoa wetu kwa ajili ya kampuni inayouza majokofu, na kuipigia kila namba ili kuhakikisha. Wengi walimkatia simu kabla hajamaliza salamu.

Akapiga namba ya mgahawa mmoja wa Kinyangiri, akaweka spika ili mikono ibaki kwenye kibodi. Akapokea mzee.

"Shikamoo, baba. Mgahawa bado upo?"

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa wa mke wangu. Alifariki mwaka juzi, nikaufunga. Simu hii ilikuwa yake, naichaji kila siku."

"Pole sana, baba. Basi niandike umefungwa?"

"Andika, ndiyo ukweli. Ila wewe umeshakula?"

Dada akaondoa mikono kwenye kibodi. "Bado, baba."

"Kula, mwanangu. Yeye angekuuliza hivyo hivyo."

Simu ilipokatika, dada aliandika "umefungwa", kisha akaihifadhi ile namba kwenye simu yake mwenyewe.

Kwa wauza majokofu, mzee yule hana faida. Mimi nilitoka na kopi zangu, nikasimama kibarazani, nikafungua simu kutafuta mtu wa kumpigia bila kuwa na shida ninayotaka anisaidie, kumjulia hali tu. Majina yalikuwa mengi. Nikayapitia yote, nisimpate hata mmoja, nikairudisha simu mfukoni.