Ndara ya Shangazi Zamzam

Wewe ukiambiwa saratani haitaisha mwilini mwako, ndiyo umepoteza haki ya kutamani kutembea?

Shangazi yangu Zamzam anauza kanga Kariakoo tangu sijazaliwa. Miaka ya nyuma alikatwa titi kwa saratani, akapona jeraha, akarudi mezani kubishana bei. Mgongo ulipoanza kumuuma, sokoni kila mtu aliijua sababu: kubeba marobota. Akaletewa mchuaji na mafuta ya karafuu.

Siku moja akafika mezani na ndara moja.

"Bi Zamzam, nyingine umemwachia nani?" akamtania Ritha, jirani yake wa biashara.

Shangazi akatazama chini, akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Ndara ilimtoka njiani, wala mguu haukumpa habari.

Hospitalini Upanga, picha zilionyesha saratani imeingia kwenye pingili za mgongo. Daktari hakuficha. Angeondoa uvimbe uliobana uti wa mgongo, kisha aziunge pingili kwa vyuma. Saratani yenyewe ingebaki, ipambane na mionzi na dawa. Wakichelewa, miguu haitarudi. Na hata wakiwahi, hatoi ahadi.

"Kama hamumponyi, mnampasua ya nini?" baba yangu, Idrisa, alifoka. "Mwacheni dada yangu apumzike!"

Damu ilinichemka. Kupumzika! Nani aliyetufundisha kwamba asiyepona hana tena anachostahili? Nilifungua mdomo, shangazi akanishika mkono.

"Kaka, kufa nitakufa," alimwambia baba. "Ila nataka niende mezani kwangu kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa kama robota."



Tukingoja zamu yake ya kupasuliwa, shangazi alinidodosa habari za mtaani. Lile dimbwi la Mtaa wa Narung'ombe limezibwa? Muuza kahawa bado anagonga vikombe vyake? Nikimjibu, alifumba macho, na vidole vyake vikawa vinakunja shuka, pindo kwa pindo, kama akunjavyo kanga.

Alipasuliwa mchana kutwa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketishwa ukingoni mwa kitanda, ndara miguuni. Muuguzi na mtaalamu wa mazoezi wakamshika huku na huku, wakamwinua. Akasimama, anatetemeka, jasho linamtiririka. Akasogeza mguu wa kulia kidogo sana. Ndara ikabaki nyuma.

"Ngojeni," alisema bila kutazama chini, macho yake yakiwa mlangoni. "Ndara imenitoka."