Ndoo za Flora

Jirani yangu Luciana ana tabia moja inayoniudhi: ukimtupia lawama, anaidaka. Mwingine angeikwepa, au angekurudishia usoni. Yeye anaibeba mpaka nyumbani.

Mwaka juzi, wakati wa palizi ya uwele, bintiye Flora aliinama na jembe mbele yetu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, ndiyo kwanza anarefuka. Upande wa kulia wa mgongo wake ulikuwa umeinuka kuliko wa kushoto. Tulipomsimamisha, bega moja lilikuwa juu, jingine chini. Mwenyewe alisema haumwi popote.

Bibi Magreth, mama mkwe wa Luciana, hakungoja daktari.

"Ni ndoo hizo, Mama Flora. Umemtwika mtoto maji tangu mdogo. Umemvunja."

Nani hapa Ikungi hakutwikwa ndoo? Mimi nilitwikwa. Bibi Magreth mwenyewe alitwikwa, na mpaka leo yuko wima kama mchi. Nilisema hivyo, nikaambiwa sijaulizwa. Kesho yake alfajiri Luciana alikwenda kisimani na ndoo mbili, yake na ya Flora.

Kiangazi kilipofika, maji yakawa yanatoka tone kwa tone. Luciana alipanga foleni, akatwika moja, akarudi kufuata ya pili, kisha akaenda kupukuchua alizeti. Flora akigusa hata kidumu, mama yake alimpokonya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu walimpita njiani, wakampa pole, wakaendelea na safari zao. Alikonda. Kanisani alikuwa anasinzia kabla mahubiri hayajaanza.

"Luciana, utakufa," nilimwambia.

"Akinyooka, nife tu."

Lakini hakunyooka. Kila Jumapili alimwinamisha mtoto na kumtazama, na kila nilipomuuliza alitikisa kichwa. Mwisho nilichoka kumtazama, nikawashika mkono wote wawili tukapanda basi kwenda Singida Mjini.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Alitupa shikamoo, akamwambia Flora ainame aguse vidole vya miguu, kisha akampeleka kupigwa picha ya mifupa. Picha ilipokuja, daktari alituonyesha: uti wa mgongo umekwenda pembeni na kujizungusha kidogo. Alisema huonekana mara nyingi mtoto anapoanza kurefuka haraka, na kwamba kwa watoto wengi sababu yake haijulikani. Kwa kuwa Flora bado anakua, atavaa fulana ngumu ya plastiki kuzuia mgongo usizidi kupinda, na atarudi kupimwa. Ukizidi sana, kuna upasuaji. Kazi na michezo aendelee navyo kama wenzake.

Luciana aliuliza jambo moja tu.

"Na ndoo?"

"Ndoo gani, mama?"

"Za maji. Nilizomtwika."

"Ndoo hazipindi mgongo hivi. Hukukosea kitu, mama yangu."

Nilidhani atashukuru Mungu. Alikaa na mikono mapajani, akalia kwa uchovu, bila sauti. Nilitamani Bibi Magreth angekuwepo amwone.

Hata hivyo, mazoea hayaishi kwa maneno ya daktari. Fulana ilipopatikana na Flora akaanza kuivaa, Luciana aliendelea kuamka na ndoo mbili. Asubuhi moja nilipita kwao nikielekea kisimani, nikawakuta mlangoni wameshika kishikio kimoja cha ndoo, kila mtu anavuta kwake. Mtoto alikuwa amesimama kwa ugumu ndani ya plastiki ile, jasho limeshamtoka shingoni.

"Mama, hukunivunja," alisema. "Niachie."

Luciana alinitazama, kana kwamba mimi ndiye wa kutoa ruhusa. Kisha vidole vikafunguka. Flora akatangulia na ndoo yake, mimi nikamfuata.

Tuliporudi, jua lilikuwa limeshapanda, na Bibi Magreth alikuwa uani anauliza mke wa mwanawe Ezekieli yuko wapi. Luciana alikuwa amelala. Flora alitua ndoo polepole ili asimwamshe.